Vyuma Vitatu na Donge la Sukari

Msomaji wa Kemondo, mkoani Kagera, ameona kwenye simu mashine ya kuvuta pipi, akauliza: kwa nini ina vyuma vitatu, ilhali viwili vinatosha kushika donge? Sukari kwao si ngeni, maana kiwanda cha Kagera Sugar kiko Missenyi, mkoa huohuo. Uchemshaji wa shira nauacha. Utamu uko kwenye vyuma.

Mfikirie msusi. Fungu la kushoto analipitisha juu ya la kati, kisha la kulia juu ya la kati, kushoto tena, kulia tena, hadi nchani. Ukitazama vizuri, upande mmoja mafungu huzungukana kinyume na upande wa pili. Mashine husuka hivyohivyo, ila chuma cha kati hakihami, na kila cha pembeni hukizunguka duara zima. Chora mapito ya vyuma kadiri muda unavyokwenda, utapata msuko kamili.

Sasa hesabu nyuzi za pipi. Anza na 1 kushoto kwa chuma cha kati na 1 kulia. Chuma cha kushoto kikizunguka, nyuzi za kushoto huongezewa mara mbili ya zile za kulia: zinakuwa 3. Cha kulia kikizunguka, za kulia huongezewa mara mbili ya hizo 3: zinakuwa 7. Endelea: 17 na 41, halafu 99 na 239. Gawanya 239 kwa 41, upate 5.83. Hicho ndicho kizidisho cha mnyumbuko, na thamani yake kamili ni 3 + 2√2. Kwa mizunguko 10 ya vyuma vyote viwili vya pembeni, uzi wa mita 1 unafika kilomita 45,000, kupita mzingo wa dunia! Sukari halisi hugandamana, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Vyuma viwili hujumlisha tu: 1, 3, 5, 7. Hata vitatu, vya pembeni vikizunguka kwa mwelekeo mmoja, havizidishi. Mwaka 1921 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Hildreth na Mastoras kuhusu hataza ya mashine hii, iliona vilevile kwamba viwili havitoshi. Jaji Mkuu Taft, rais wa zamani, ndiye aliyeandika hukumu. Karibu karne moja baadaye mwanahisabati Jean-Luc Thiffeault wa Wisconsin alibuni mashine ya vyuma sita, na kizidisho chake kinakaribia 14.