Mti wa Mhindu Husafiri, Mti wa Mnyamwezi Hubaki na Wazee

Kwa desturi ya Wanyamwezi, wakiwamo wa Lusu wilayani Nzega, mkoani Tabora, mkuyu ulioota katikati ya shamba ni mti tu: ukizuia jembe, unakatwa. Mkuyu ulioota penye kaburi la mtemi hauguswi, hata tawi lake kavu haliokotwi kuni. Aina ni ileile. Kinachoutofautisha mmoja na mwingine ni nani amelala chini yake.

Mnyamwezi wa jadi alimjua Mungu aliye juu ya vyote, lakini mambo ya kila siku, yaani uzazi, maradhi na mavuno, aliyapeleka kwa mizimu ya ukoo wake. Mizimu ya watemi ilibeba nchi nzima. Mvua ilipochelewa, wazee walikwenda kutambika kwenye makaburi hayo kwa pombe ya mtama, unga uliokorogwa kwa maji, na kondoo au mbuzi wa kuchinja. Kichaka kilichozunguka mahali hapo kikawa cha mizimu: hakuna kuingia ovyo, hakuna moto, hakuna shoka. Utawala wa watemi ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, ila miiko ya vichaka hivyo haikufutwa kwa sheria hiyo.

Mkoa huuhuu wa Tabora umepokea pia watu wenye miti mitakatifu ya namna nyingine. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika Kaze, Tabora ya leo, kisha ikagawanyika: moja ikaenda Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Ziwa Viktoria, njia aliyoishika mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1858. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwapo Kaze tangu enzi hizo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, maduka yao yaliongezeka, na miongoni mwa wenye maduka walikuwapo Wahindu wenye asili ya Gujarat na Kutch.

Mhindu ana mpipali, ndugu wa mkuyu wetu. Katika Bhagavad Gita, Krishna anasema kwamba miongoni mwa miti yote yeye ndiye huo. Ana mbanyani, ambao wanawake walioolewa huuzungushia uzi wa pamba wakimkumbuka Savitri, mke aliyemshinda Yama, mungu wa mauti, kwa hoja mpaka akarudishiwa mumewe. Uani hupanda tulasi, jamii ya mrihani, na kuuwashia taa jioni. Mwarobaini huhusishwa na Sitala, mungu wa kike wa ndui. Hata mwembe, uliopandwa na Waarabu na Waswahili kwenye vituo vya misafara, una nafasi yake: sisi tunakula embe na kufanyia vikao kivulini, Mhindu huchuma majani yake, huyatunga kwenye uzi na kuyatundika mlangoni siku ya harusi au ya Diwali.

Hapo ndipo mila hizi mbili zinapoachana. Kwa Mhindu utakatifu umo katika aina ya mti, kwa hiyo unasafiri naye. Akihama Gujarat kwenda Tabora, au Tabora kwenda London, tulasi itaota kwenye chungu na ibada itaendelea. Kwa Mnyamwezi utakatifu umo mahali, pamoja na mifupa iliyopo. Huwezi kuchukua mbegu ya mkuyu wa mtemi ukaipanda kijiji kingine ukasema mizimu imekufuata.

Ndiyo maana sisi tumepoteza zaidi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwaondoa watu karibu na makaburi ya wazee wao. Tumbaku ilidai kuni za kukaushia, miji ikadai mkaa. Lusu yenyewe ikapata mgodi mkubwa wa dhahabu, Golden Pride, ulioanza kuzalisha mwaka 1998. Kaburi linaweza kuhamishwa. Sheria ya kuhamisha makaburi ipo tangu 1969. Kichaka cha tambiko hakihamishiki.

Na hasara si ya mizimu peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu Wanyamwezi wa karibu na mji wa Tabora ulionyesha kuwa vichaka vya matambiko vilikuwa na aina nyingi zaidi za miti kuliko msitu wa hifadhi wa serikali uliolinganishwa navyo. Hofu ya wahenga ilifanya kazi ambayo bwana misitu na kibali chake hawakuifanya.

Si lazima mtu atambike ndipo akilinde kichaka. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuutungia sheria ndogo. Wazee wanaojua mipaka ya vichaka hivi wanazidi kupungua. Serikali za vijiji vya Lusu na Nzega nzima ziwaite sasa, zitembee nao porini, ziandike kila kichaka kwenye mpango wa matumizi ya ardhi kabla shoka halijafika.