Televizyo mpya, filme mbaya: shida iko kwenye reglage

Jamaa inanunua televizyo kubwa, inaifunga ukutani, na jioni wote wanakaa kutazama filme. Baada ya dakika kumi mtu mmoja anauliza: mbona inafanana na telenovela? Sura zimekuwa za bluu, usiku umekuwa kijivu, na waigizaji wanatembea kama wanateleza. Mashine haijaharibika. Imefika nyumbani ikiwa bado na reglage ya dukani.

Dukani televizyo zinapangwa pamoja chini ya taa kali, na kila moja inataka kushinda jirani yake. Ndiyo maana nyingi zinawekwa kwenye « Dynamique » ao « Vif »: mwangaza juu kabisa, rangi kali, nyeupe inayovuta kwenye bluu. Usiku, sebuleni, kwenye ampuli moja, nguvu hiyo inaua filme.

Ngozi nyeusi ndiyo inaumia zaidi. Nyeupe ikivuta kwenye bluu, rangi ya kahawia inapotea na uso unabaki kama umepakwa majivu. « Félicité », filme ambayo Alain Gomis alipiga Kinshasa na iliyopata zawadi kubwa ya majaji huko Berlin mwaka 2017, inabebwa na uso wa Véro Tshanda Beya, mara nyingi usiku, ndani ya baa. Ukiitazama kwenye reglage ya dukani, sehemu kubwa ya kazi yake haionekani.

Dawa haina bei. Kwenye telekomande, ingia kwenye menyu, kisha « Image », na uchague « Cinéma » ao « Film ». Televizyo za siku hizi zingine ziko na Filmmaker Mode, iliyotangazwa mwaka 2019 kwa kuungwa mkono na watengenezaji filme kama Martin Scorsese na Christopher Nolan. Siku ya kwanza picha itaonekana ya manjano, na watoto watalalamika. Waache siku mbili tatu: macho yanazoea, na ukirudia reglage ya zamani utashangaa namna ulivyoivumilia.

Ile hali ya kuteleza iko na sababu yake. Filme nyingi zinapigwa kwa picha 24 kila sekunde. Televizyo inatunga zingine katikati ili mwendo uwe laini. Kwa mpira inaweza kusaidia, lakini filme inapoteza sura yake. Mwezi wa 12 mwaka 2018, Tom Cruise na mtengenezaji filme Christopher McQuarrie walitoa video nzima kuomba watu wazime kitu hicho. Shida ni kwamba kila kampuni imekipa jina lake: TruMotion kwa LG, Motionflow kwa Sony, Auto Motion Plus kwa Samsung.

« Netteté » nayo ishushwe. Haiongezi kitu kwenye picha, inachora tu mstari mweupe pembeni ya vitu. Shusha mpaka mstari huo upotee kwenye maandishi.

Kwa giza, tafuta sehemu ya usiku yenye mtu aliyevaa koti nyeusi. Kama mikunjo ya koti haionekani, pandisha « Luminosité » kidogo. Kama nyeusi imekuwa kijivu, shusha. (Kwenye televizyo zingine jina hilo linaongoza taa ya nyuma, si weusi. Ni fujo, na kosa si la mtazamaji.) Mwezi wa nne 2019 watu wengi walilalamika kwamba sehemu ya vita ya usiku ya « Game of Thrones » ilikuwa giza tupu, aliyeipiga, Fabian Wagner, alijibu kwamba wengi hawajui kurekebisha televizyo zao.

Kupunguza taa ya nyuma kunapunguza pia umeme, na kwa wanaoulipia mbele ya kuutumia ao wanaotegemea batri ya sola, hilo si jambo dogo.

Kama reglage inarudia yenyewe kila mara, angalia kama mashine haikuachwa kwenye « Magasin » badala ya « Domicile » siku ilipowashwa mara ya kwanza. Na kwenye aina nyingi, kila mlango uko na reglage yake: uliyofanya kwenye dekoda haifiki kwenye fulashi. Filme nyingi za nyumbani zinatoka kwenye fulashi, kwa hiyo huko ndiko kwa kuanzia.