Mjukuu wa Kiwanuka na wenzake: nani alikuwa mvamizi mkali zaidi?

Haya wadau, leo Simba na Yanga wapumzike kidogo. Kuna swali naulizwa kila nikikaa kwenye kompyuta ya kulipia pale mjini nikafungua video za NFL. Jirani anachungulia, anauliza: hivi hawa Wamarekani wanacheza nini? Mbona wanasukumana sekunde tano, wanaanguka, wanasimama, wanaanza kujipanga upya? Na siku hizi swali limezidi, maana Kigoma yetu tunaijua. Wakongomani waliokaa kambi ya Nyarugusu kule Kasulu wamehamishiwa Marekani kwa maelfu, na vijana wengine wanaturushia picha wamevaa helmeti na mabega ya plastiki. Tunawapongeza weee, kumbe hatujui hata mshkaji anacheza namba ngapi.

Mchezo wote siwezi kuumaliza leo. Nitaeleza kazi moja tu, ile inayonifanya nisahau kwamba dakika zangu zinakwisha: kazi ya mvamizi, yaani yule anayemkimbilia mpiga pasi wa timu pinzani. Nitaieleza kupitia timu moja, New York Giants ya kuanzia 2006 mpaka 2012, kwa sababu humo alikuwemo mtu mwenye asili ya huku kwetu Afrika Mashariki. Jina la babu yake wengi mmelisikia. Anaitwa Mathias Kiwanuka.

Kwanza msingi. Kila timu ina watu 11 uwanjani. Inayoshambulia inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, kama mita 9 hivi. Ikifanikiwa inapewa mengine manne, ikishindwa mpira unaenda kwa wenzao. Ubongo wa mashambulizi ni kotabeki: anapokea mpira, anarudi nyuma hatua chache, anatafuta wa kumrushia. Mbele yake wamesimama wanaume watano, miili ya kilo 130 na kuendelea, kazi yao ni kumkinga tu. Tuwaite ukuta. Mvamizi anatakiwa aupite huo ukuta amfikie kotabeki kabla mpira haujatoka mkononi, na muda wake ni kama sekunde mbili na nusu, ukibahatika tatu. Akimwangusha inahesabiwa saki moja (wakishirikiana wawili, kila mmoja anapewa nusu), na timu ile inapoteza jaribio pamoja na yadi. Akiugonga mpira ukadondoka, hapo ni kugombania, anayeuwahi ni wake.

Sasa mitindo. Waliopanda MV Liemba enzi inatembea watanielewa haraka. Vijiji vingi vya mwambao wetu havina gati, kwa hiyo meli inasimama majini, inapiga honi, na mitumbwi inatoka ufukweni mbio kuufuata mlango wake na abiria na magunia ya dagaa. Wote wanataka mlango uleule. Kuna nahodha anayezunguka kwa nje, anakula kona kubwa halafu anaingia kwa kasi. Kuna mwenye mtumbwi mkubwa, huyo hazunguki, anawasukuma waliomtangulia mpaka wanaachia. Na kuna yule mtulivu, anangoja mawimbi yawatenganishe wawili, anapenya katikati kabla hawajajua. Ukishaona hao watatu, umeshawaona wavamizi wa Giants.

Aliyezunguka kwa nje ni Osi Umenyiora. Kazaliwa London mwaka 1981, wazazi Wanaijeria, akaishi Nigeria akiwa mdogo kabla ya kwenda Alabama. Hakuwa mrefu kuliko wenzake wala mzito. Silaha yake ilikuwa hatua ya kwanza. Mpira ukitikisika tu yeye keshaondoka, bega moja analishusha chini karibu liguse nyasi, mlinzi anashika hewa. Halafu kuna mkono: Osi alikuwa anaulenga mpira wenyewe, anaupiga kama anayekata muwa, kotabeki anabaki mikono mitupu. Tarehe 30 Septemba 2007 dhidi ya Philadelphia alipata saki 6 peke yake. Sita! Timu nzima siku hiyo ilipata 12 na kuifikia rekodi ya ligi. Kijana aliyepewa kazi ya kumzuia, Winston Justice, nadhani mpaka leo akilala anamwona.

Ubaya wa mtindo huu ni kwamba ukizunguka sana unapitiliza. Unajikuta uko nyuma ya kotabeki, yeye anapiga hatua mbele na njia aliyokimbilia ni ileile uliyoiacha wazi.

Mwenye mtumbwi mkubwa ni Michael Strahan. Huyu alicheza Giants maisha yake yote, tangu 1993 mpaka alipostaafu baada ya msimu wa 2007, akaondoka na saki 141.5. Strahan alikuwa anaingiza mikono kifuani kwa mlinzi, anamnyanyua kidogo, anamrudisha nyuma mpaka mlinzi mwenyewe anakuwa silaha ya kumwangushia kotabeki. Na timu pinzani ikiamua kukimbia na mpira badala ya kuurusha, bado yupo palepale, hajatoka kwenye njia. Hilo ndilo linalomtofautisha na wakimbiaji watupu. Mwaka 2001 alipata saki 22.5, rekodi ya msimu mmoja wakati ule, T.J. Watt akaja kuifikia 2021. Ile ya mwisho ya Strahan ina maneno, maana kotabeki Brett Favre alianguka kilaini mno, ubishi wake haujaisha. Mimi nasema hata ukimfutia hiyo moja, 21.5 sio za kuokota.

Wa katikati ni Justin Tuck. Umbo lake ni la mvamizi wa pembeni, lakini kwenye majaribio ya pasi makocha walimwingiza ndani, apambane na walinzi wa katikati ambao ni wazito ila miguu sio myepesi. Hapa kuna siri ambayo mtazamaji mgeni haioni. Kotabeki akivamiwa kutoka pembeni anapiga hatua mbele na kupona. Akivamiwa kutoka mbele usoni, hana pa kukanyaga, na pasi yake inakosa nguvu. Ndicho kilichompata Tom Brady tarehe 3 Februari 2008. New England walifika fainali, yaani Super Bowl, wameshinda mechi zote 18. Brady akaangushwa mara tano, mbili zikiwa za Tuck, Giants wakachukua kwa 17-14. Nimeirudia ile mechi sijui mara ngapi. Brady anaonekana kabisa anaangalia miguu ya watu badala ya kuangalia wenzake walioko mbali.

Sasa Kiwanuka. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, kiongozi wa chama cha Democratic Party na Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda mwaka 1962, baadaye Jaji Mkuu. Septemba 1972 askari wa Idi Amin walimchukua palepale Mahakama Kuu Kampala, akauawa. Huyo Amin wazee wetu hawahitaji kuelezwa, Vita vya Kagera wanavikumbuka. Mjukuu alizaliwa Marekani, mji wa Indianapolis, mwaka 1983. Akasoma Boston College, akaweka rekodi ya saki ya chuo, na mwaka 2006 Giants wakamchukua akiwa chaguo la 32, la mwisho katika raundi ya kwanza.

Urefu wake ni kama mita 1.96, mikono mirefu. Mtindo wake ulikuwa kumweka mlinzi mbali kwa mkono mmoja ulionyooka, kusoma anaegemea wapi, ndipo achague kupita nje au ndani. Hakuwa na hatua ya Osi wala nguvu za Strahan. Alikuwa na kichwa. Na hicho kichwa ndicho kilichomponza mara moja, mbele ya nchi nzima.

Novemba 26, 2006, ugenini dhidi ya Tennessee. Giants wameingia robo ya mwisho wakiongoza 21-0, wenzao wakarudisha mbili, ikawa 21-14. Zikiwa zimebaki dakika chache, Tennessee wana jaribio la nne na wanahitaji yadi 10. Wakikosa, mechi imeisha. Kiwanuka anapita, anamkumbatia kotabeki Vince Young, amemshika kabisa mikononi. Halafu anamwachia. Alidhani mpira umeshaondoka, na sheria ya kumlinda kotabeki ni kali: ukimtupa chini baada ya pasi kutoka, timu yako inaadhibiwa yadi 15. Kumbe mpira Young alikuwa nao bado. Akakimbia nao, Tennessee wakasawazisha, wakashinda 24-21 kwa mkwaju wa sekunde za mwisho.

Magazeti ya New York yalimchambua vibaya. Lakini wadau, angalieni jambo lenyewe. Kazi ngumu yote alikuwa ameimaliza: ukuta keshaupita, mtu keshamshika. Kilichobaki ni uamuzi wa chini ya sekunde moja, kumaliza au kuachia, na macho hayaoni mpira kwa sababu uko upande wa pili wa mwili wa mtu uliyemkumbatia. Osi asingefika kwenye swali hilo, kwa sababu yeye anaanza na mpira wenyewe. Strahan angembeba Young na faulo yake akailipia baadaye. Kila mtindo una mahali pake pa kuumia, na wa Kiwanuka uliumia palepale penye ubora wake, kufikiri.

Kilichofuata ndicho kinanifanya nimheshimu. Mwaka 2007 makocha wakamhamisha, wakamfanya lainibeka, yule anayesimama nyuma ya mstari na mara nyingine hukimbia kulinda pasi badala ya kuvamia. Akavunjika mguu Novemba, ile fainali ya Brady akaikosa. 2008 Strahan kastaafu, Osi kaumia goti kabla ya ligi, Kiwanuka akarudishwa pembeni, akapata saki 8. 2010 alianza kwa moto, saki 4 katika mechi tatu, shingo ikagoma, msimu ukaishia hapo. 2011 wakamrudisha tena ulainibeka. Kwa Kiswahili cha mchangani huyu ni mchezaji kiraka, leo beki, kesho kiungo, keshokutwa golini.

Msimu huohuo Giants walikuwa na mpango wa kuwaingiza wavamizi wanne wa pembeni kwa pamoja, wenyewe waliupa jina la NASCAR kama yale mashindano ya magari. Umenyiora, Tuck, Kiwanuka, na kijana Jason Pierre-Paul mwenye mikono kama makasia, aliyepata saki 16.5 mwaka huo. Februari 5, 2012 wakamfunga tena Brady 21-17. Fainali ilichezwa wapi? Indianapolis, mji aliozaliwa mjukuu wa Kiwanuka.

Alipomaliza Giants mwaka 2015 alikuwa na saki 38.5. Wabishi wanasema mbona kidogo, Osi ana 85. Sawa, lakini huwezi kumpeleka mtu kuchunga pasi nusu ya maisha yake halafu umhesabie saki kama aliyekuwa anavamia kila siku.

Yupo na Mkenya. Daniel Adongo wa Nairobi, mchezaji wa raga aliyefika mpaka New Zealand na Afrika Kusini, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza mchezo huu. Anatajwa kama Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Mwili alikuwa nao, mbio alikuwa nazo, saki hakupata hata moja. Sababu naiona hivi: kwenye raga kumzuia mtu asiye na mpira ni kosa. Huku ndiyo kazi halali ya ukuta mzima. Adongo alijua kumwangusha mtu tangu utotoni, ila hakuwahi kufundishwa kupigana mikono na mtu wa kilo 140 ili amfikie huyo wa kumwangusha. Na timu hiyohiyo, msimu huohuo, Robert Mathis aliongoza ligi kwa saki 19.5 akiwa mfupi kuliko Adongo. Mathis alikuwa NFL tangu 2003, mikono yake ilishajua njia.

Osi baada ya kustaafu ndiye amekuwa akiongoza mpango wa NFL barani Afrika, kambi ya kwanza Ghana 2022, Nairobi 2023. Kwa hiyo wale warefu wa Mwanga na Gungu mnaowekwa benchi kwenye ndondo kwa kuwa miguu mizito, Nairobi nauli yake inajulikana. Anzeni na mikono.

Nikipewa mechi moja ya kufa na kupona, namchukua Tuck. Nikipewa msimu mzima wenye majeruhi, Kiwanuka. Najua kuna watu wa Strahan humu, nawasubiri hapo chini, ila hoja iwe na video sio matusi.