Gawa kwa Nane, Mwanangu

Oya wana wa Chang'ombe, hii yetu ya Dodoma, siyo ile ya Temeke, sogeeni. Kuna kitu kinawatafuna washkaji wa mashuti kimyakimya. Mchizi anajichanga, anauza mpaka sabufa la geto, anavuta kamera ya maana inayopiga 4K. Mkwanja ukishakata, kadi anaokota ya bei ya kutupa pale mezani, na video anazimwaga kwenye eksteno iliyochoka kubeba sizoni za Kikorea. Siku ya sendofu ndafu inaingia, mashangazi wamepandisha mzuka, MC anawaka, kamera inakata kurekodi yenyewe. Kwenye kioo kuna kaujumbe kadogo kwamba kadi iko slo. Ukumbi mzima utasema kamera kimeo. Kamera haina kosa: imeleta mzigo, kadi imeshindwa kuupokea.

Na michongo ipo, tusizuge. Tangu Serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, na Dodoma ikapewa hadhi ya jiji 2018, semina, makongamano na harusi za watumishi zinaweka watu mjini. Hao wateja wanataka kazi kali, na hakuna bibi harusi atakayeingia ukumbini mara ya pili kwa sababu diski yako ilizingua.

Hesabu yenyewe ni nyepesi kinoma. Spidi ya video inatajwa kwa megabiti, spidi ya diski kwa megabaiti, na kwenye baiti moja kuna biti nane. Basi gawa kwa nane. Sony wakirekodi 4K kwa XAVC S wanafika megabiti 100 kwa sekunde; ukigawa unapata megabaiti 12.5. Imeisha hiyo! Kamera za zamani za kanda, zile za HDV, zilikuwa megabiti 25, yaani megabaiti tatu na ushee. Kwa hiyo jamaa akikukazia kwamba bila SSD ya malaki hurekodi HD, huyo anatafuta kodi ya fremu yake. Kadi yenye alama ya V30, au U yenye 3 ndani yake, imeahidi kutoshuka chini ya megabaiti 30 kwa sekunde wakati wa kuandika. Inatosha na chenji inabaki. Ile namba nene iliyochapwa mbele, 100 au 170, mara nyingi ni ya kusoma, na wewe hapo sendofu husomi chochote.

Mziki unabadilika ukivuta picha mbichi. Wana wanaorusha ibada na makongamano wanatoa HDMI kwenye kamera, wanaipitisha kwenye kapcha kadi hadi laptopu. Full HD isiyobanwa, biti 8, fremu 25 kwa sekunde, inakula kama megabaiti 104 kila sekunde. Saa moja tu ni gigabaiti 373. Diski ndogo ya laptopu, ile ya mizunguko 5,400 kwa dakika, hapo inasanda. Kubwa ya mezani ya 7,200 ikiwa tupu inaweza kuvuka 150, lakini nayo ina mambo yake: huanza kujazwa kwenye ukingo wa nje wa sahani, ambako ndiko kwenye mbio, na kadiri data inavyosogea ndani spidi inaporomoka hadi karibu nusu. Ndiyo maana diski iliyokuwa fresh Januari inaangusha fremu Juni, na hakuna aliyeiroga. Kama huna diski ya kubeba mbichi, usirekodi mbichi. ProRes 422 HQ kwa Full HD hiyohiyo ni megabiti 184, megabaiti 23 tu, na shangazi hataona tofauti hata umsogezee kioo puani.

Halafu cheki tundu unalochomeka. USB 2.0 kwenye makaratasi ni megabiti 480. Gawa kwa nane, 60. Kiuhalisia unaambulia 30 mpaka 40. SSD ya moto ukiichomeka hapo unaendesha gari jipya kwa gia ya kwanza. Kadi ya gigabaiti 128 iliyojaa itakuweka macho saa nzima ikihama. Tundu la USB 3.0, mara nyingi la bluu, ndilo lako.

SSD inalipa ukikaa kuhariri. Kamera tatu zikicheza kwa pamoja, kichwa cha diski ya kuzunguka kinahangaika kurukaruka kati ya mafaili, picha zinaganda. SSD haina kichwa cha kurusha. Ila za bei chee zina kasehemu kadogo ka mbio; kakijaa katikati ya kumwaga video ndefu, nyingine zinadondoka chini ya megabaiti 100, na wewe unalaumu programu.

Vumbi letu la kiangazi, ambalo kila mtu analisingizia? Igeuze diski yako uone: nyingi zina katundu kadogo na maandishi ya kukataza kukaziba. Hapo ndipo inapopumulia, na ndani yake kuna chujio. Vumbi litaziba feni na matundu ya laptopu kwanza. Kinachoua diski ya kuzunguka ni kutikiswa ikiwa kazini, kwa mfano kukopi mzigo ndani ya bajaji kwenye makorongo ya mtaani.

Na kabla hujalipa flashi ya terabaiti moja kwa bei ya chipsi kuku, omba uijaribu kwa H2testw. Ni programu ya bure: inaijaza yote, kisha inasoma kama kilichoandikwa kipo kweli, na mwisho inakupa spidi yake. Muuzaji akinuna, sepa. Akikubali, subiri ijae mpaka mwisho, maana zile za magumashi hukubali kila kitu mwanzoni na kuanza kudanganya zikishapita gigabaiti zao halisi.