Bunduki ya mstaafu italala wapi?

Askari mmoja wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, mwenye cheo cha sajini, amebakiza miezi michache kabla ya kuvua magwanda. Mipango yake ya baada ya utumishi imekwisha kukamilika: shamba la ekari nane wilayani Handeni, mkoani Tanga, la mahindi na ufuta, mbuzi wachache, na nyumba ya matofali ambayo kuta zake zimefika kwenye linta. Mwaka huu ameongeza jambo moja. Ameomba kibali, amekipata, na amenunua bunduki ya marisau, ile ambayo wengi huiita shotigani, ya geji 12. Alituomba tusilitaje jina lake, nasi tumeliheshimu ombi hilo.

Sababu zake si za kubeza. Aliyewahi kulima kando ya pori anajua kwamba kundi la nguruwe pori laweza kuimaliza kazi ya msimu mzima katika usiku mmoja, na kwamba nyani hawangoji usiku. Wezi wa mifugo nao wapo. Dini yetu haikumtaka Muislamu aikalie kimya mali yake ikiporwa. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad (rehma na amani ziwe juu yake) amemhesabu anayeuawa akiitetea mali yake kuwa ni shahidi.

Mkewe hakumpinga. Alimuuliza swali moja tu: bunduki hiyo italala wapi? Sajini alitukiri kwamba hakuwa na jibu la haraka, nasi tumeona kwamba swali hilo linastahili kusomwa na kila familia inayomngoja baba au kaka arudi kutoka jeshini.

Kambini, askari halali na silaha yake kama alalavyo na blanketi lake. Silaha ina ghala, ghala lina mlango, mlango una mlinzi wa zamu, na mlinzi ana daftari. Anayeichukua hutia saini kwa namba ya silaha, na risasi huhesabiwa wakati wa kutoka na wakati wa kurudi. Ikipungua moja, kambi nzima hailali. Kwa hiyo mtu aweza kutumikia miaka ishirini na zaidi, akawa hodari wa kulenga, kufungua na kusafisha, na bado asiwe amewahi kubeba peke yake mzigo wa kutunza. Mzigo huo ulibebwa na kikosi. Siku anapostaafu, ghala, mlinzi na daftari hubaki kambini. Nyumbani wapo yeye, mkewe na watoto.

Hata silaha yenyewe si ile aliyoizoea. Bunduki ya kivita ya milimita 7.62 hutoa risasi moja iendayo mamia ya mita. Shotigani hutoa marisau mengi kwa mpigo, yanayotawanyika kadiri yanavyokwenda mbali, na matumizi yake yanayotegemewa ni ya mita 40 hivi. Katika giza la shamba, anayepiga kichaka kinachotikisika hajui aliyemo. Huenda ni nguruwe. Huenda ni jirani anayelinda mahindi yake.

Sheria nayo ina neno lake. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imeweka usimamizi wa silaha za raia, na utumishi wa jeshini haumwondolei mstaafu wajibu wa kuwa na leseni kama raia mwingine. Leseni ya bunduki, vilevile, si leseni ya uwindaji. Wanyamapori wana sheria yao ya mwaka 2009, na mnyama aliyeuawa katika kulinda uhai au mali hutolewa taarifa kwa wahusika. Haishii jikoni kimyakimya.

Turudi nyumbani, maana ndiko swali lilikoulizwa. Wapo wanaodhani kwamba kuiweka bunduki juu ya kabati la nguo au chini ya godoro ni kuihifadhi. Huko ni kuificha, na watoto hawafichiki kitu. Wao ndio wanaojua sukari imewekwa wapi, na nguo za Idi zimefungiwa sanduku gani, siku kumi kabla ya Idi. Kuhifadhi ni kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti, kufuli lenye ufunguo usiotundikwa msumarini, bunduki isiyo na risasi ndani, na risasi zenyewe kufungiwa mahali pengine. Ni pia kuifungua na kuikagua kabla ya kuvuka kizingiti, kila siku, hata ikiwa una hakika kwamba haina kitu.

Haya si mambo mageni katika Sunna. Mtume (rehma na amani ziwe juu yake) alimwamuru aliyepita msikitini na mishale aishike kwenye ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Alikataza kumwelekezea ndugu silaha, hata kwa mzaha. Aliagiza milango ifungwe usiku, vyombo vifunikwe na taa zizimwe, kwa kuchelea panya asije akauvuta utambi na kuwaunguzia watu nyumba. Ikiwa utambi wa taa ulistahili tahadhari hiyo, ni tahadhari gani itastahili bunduki katika nyumba yenye kijana wa miaka kumi na minne na wajukuu wawili?

Lipo jambo jingine ambalo familia zetu huona haya kulizungumza. Kustaafu ni kuondokewa na cheo, marafiki, ratiba na heshima ya kupigiwa saluti. Wengine huingiwa na unyonge, wengine na hasira za mara kwa mara, na wengine hukosa usingizi. Ghadhabu na huzuni nzito hazifai kulala chumba kimoja na silaha. Mke akiona mumewe amebadilika, asisubiri. Azungumze naye, amwite mtu mzima wa familia au imamu wanayemwamini, ampeleke kwa daktari, na silaha iondolewe nyumbani ikakabidhiwe polisi hadi hali itengemae. Kufanya hivyo si kumvunjia mume heshima. Ni kumhifadhia nafsi yake.

Tuliposikiliza mipango ya sajini hadi mwisho, tuliona kwamba swali la bunduki ndilo pia swali la fedha. Kikosi kilimtunzia mambo mengi: makazi, matibabu, mshahara uliofika bila yeye kuufuata. Sasa atapokea kiinua mgongo kwa mkupuo, na fedha za mkupuo zina wageni wengi. Nazo zinahitaji ghala na daftari. Deni lilipwe kwanza. Mtaji wa shamba utengwe mbali na fedha za kumalizia nyumba. Kiasi kilichofikia nisabu, ambayo wanazuoni wengi wa zama zetu huikadiria kwa thamani ya gramu 85 za dhahabu, kikikaa mwaka mzima kitolewe zaka ya asilimia 2.5.

Na uandikwe wasia. Mtume (rehma na amani ziwe juu yake) hakutaka Muislamu mwenye kitu cha kuusia apitishe masiku mawili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Mwenye bunduki ana sababu ya ziada, kwa kuwa leseni ni ya mtu na haiingii katika mafungu ya mirathi. Mwenyewe akifariki, mjane asiachwe akijiuliza afanye nini na chuma hicho. Aikute karatasi inayoeleza kabati liko wapi, ufunguo uko kwa nani, na kwamba silaha ipelekwe kituo cha polisi kabla ya mtu yeyote kuigusa kwa madai ya urithi.

Sajini na mkewe wamekwisha kukubaliana. Bunduki haitaingia Handeni kabla ya chumba cha kabati la chuma kuwa na mlango. Fundi wa kuchomelea ameshapewa vipimo. Risasi zitakaa katika kisanduku cha pekee, na mke ameomba daftari la kurasa mia moja: kila risasi itakayotoka na itakayorudi itaandikwa, naye atatia saini pembeni. Sajini alicheka alipotueleza, akasema kwamba amestaafu chini ya kamanda mmoja na kuingia chini ya mwingine. Lakini daftari amelinunua.

Silaha ni amana, kama yalivyo mafao, na kama walivyo watoto wanaolala chumba cha pili. Tunawaombea wastaafu wetu wote Allah awape mavuno mema, awape umri wenye baraka, na azijaalie nyumba zao ziwe mahali pa amani kwao na kwa jirani zao.