Je, Wajua? Paa Moja, Mapipa 25

Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 100, hushusha lita 5,000 za maji. Hayo ni mapipa 25 ya lita 200, kutoka nyumba moja tu! Ua wenye udongo na nyasi hunywa sehemu ya maji hayo. Ua uliosakafiwa wote huyasukuma mtaroni, yakamfikie jirani wa bondeni.

Dar es Salaam, sehemu ya maji ya mvua huishia Mto Msimbazi, unaotoka vilima vya Pugu na Kisarawe hadi baharini, karibu na Daraja la Salender. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini. Baadhi ya familia za mabondeni zikahamishiwa eneo la Mabwepande.

Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita hizo ni za mto: hapo ndipo unapotanuka ukijaa.

Na mtaro unaopokea maji ya nyumbani je? Mchanga uliozolewa humo ukiachwa pembeni, mvua ya kwanza huurudisha ndani.