Malimau matatu mezani

The Break-Up, filamu iliyoongozwa na Peyton Reed na kutoka Juni 2006, inayapitia mapenzi haraka ili ifike kwenye ugomvi. Gary Grobowski, anayetembeza watalii kwa basi jijini Chicago, anamwona Brooke Meyers, mfanyakazi wa jumba la sanaa, kwenye mechi ya besiboli ya Cubs uwanjani Wrigley Field. Anamng'ang'ania kwa maneno na soseji ndani ya mkate. Kisha majina ya wasanii yanapita juu ya picha za wawili hao wakicheka, na hapo raha yao imekwisha kusimuliwa. Vince Vaughn ni Gary, Jennifer Aniston ni Brooke.

Kinachoivunja nyumba yao ni malimau. Familia za pande zote mbili zinakuja kula chakula cha jioni, na Brooke amemwagiza Gary malimau 12. Gary anarudi na matatu. Kwake limau ni la kuliwa, na matatu yanatosha. Brooke aliyataka ya kujazia chombo cha kioo katikati ya meza, yapendeze machoni. Wageni wakishaondoka, Brooke anaomba msaada wa kuosha vyombo. Gary, aliyesimama kutwa nzima akiongea na watalii, anataka kwanza kutulia na mchezo wake wa video. Akibanwa anakubali kuosha, ila kwa shingo upande. Brooke anaukataa msaada huo. Anachotaka ni Gary apende mwenyewe kumsaidia. Gary anashangaa: nani duniani anayependa kuosha vyombo?

Tukio hili ndilo moyo wa filamu, na limeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Kila mmoja ana haki yake, na kila jibu linafukua deni la zamani: maua yasiyoletwa, onyesho la baleti ambalo Gary hajawahi kumpeleka. Gary anajitetea kwamba Brooke mwenyewe alisema hapendi maua. Alisema kweli, na bado aliyangoja. Wanaongea kwa kupandiana maneno, hakuna anayemalizia sentensi ya mwenzake kwa wema, mpaka Brooke anatamka kwamba wameachana. Alitamka ili asikike na si ili aondoke, lakini Gary anasikia neno lenyewe tu.

Baada ya hapo hakuna anayehama, kwa kuwa fleti ni mali ya wote wawili. Brooke anashika chumba cha kulala na Gary analala sebuleni. Gary anaingiza ile meza ya mchezo wa pool aliyokuwa akiitamani siku zote. Brooke analeta wanaume wengine wamchukue nyumbani, akitumaini Gary ataona wivu. Mwishowe rafiki yao dalali anawaeleza lililo wazi: nyumba iuzwe.

Kuishi pamoja baada ya kuachana si jambo geni kwa Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki. Aya ya kwanza ya Surat at-Talaq inaagiza mke aliyeachwa asitolewe nyumbani wakati wa eda, isipokuwa kwa uchafu ulio wazi, na wafasiri wengi wanaona humo mlango wa kurejeana kwa talaka rejea. Hollywood nayo iliwahi kuutumia muda wa namna hiyo. Katika The Awful Truth ya Leo McCarey, ya mwaka 1937, talaka ya Cary Grant na Irene Dunne inakamilika baada ya siku 90, na usiku wa mwisho wanajikuta chini ya paa moja, vyumba jirani, saa sita ikikaribia. Wanarudiana. The War of the Roses ya mwaka 1989 ilikwenda kinyume: mume na mke wanaogombea nyumba wanakufa humo humo, wakianguka na taa kubwa ya dari.

Gary na Brooke hawakupewa eda wala siku 90. Kinachowaweka pamoja ni hati ya nyumba, na hati haimdai mtu maneno laini. Hapa ndipo uzito wa Vaughn unapoonekana. Hadithi aliitunga pamoja na Jeremy Garelick na Jay Lavender, walioandika mswada, naye akawa mtayarishaji. Angeweza kujipa mhusika wa kupendwa. Badala yake Gary anaambiwa ukweli na rafiki yake wa baa, aliyechezwa na Jon Favreau: mambo yote yamekuwa yakienda atakavyo yeye. Gary anasafisha nyumba na kumwandalia Brooke chakula. Amechelewa. Brooke anamjibu kwa upole kwamba hana tena cha kutoa.

Mwisho uliopigwa kwanza ulimpa kila mmoja mpenzi mpya anayefanana na yule wa zamani. Ukaachwa, wakapiga mwingine: wanakutana barabarani baada ya muda, wanasalimiana kwa tabasamu, kila mmoja anashika njia yake. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani, japo haikuwarudisha pamoja. Je, watazamaji walitoka wakiamini kwamba watarudiana? Na Gary, lau angeosha vyombo usiku ule bila kinyongo, Brooke angekoma kuyahesabu malimau?